Tabia ya Kitu na Mahali Pake

Msomaji, nianze na maji ya moto. Katika shule ya kwanza niliyofundisha, iliyo juu katika nyanda za baridi, alikuja mwanafunzi mgeni kutoka Mombasa. Siku yake ya kwanza ya majaribio alipewa chombo cha maji, moto na kipimajoto, akaambiwa aandike maji huchemka katika joto gani. Maji yalitokota mbele ya macho yake, mvuke ukajaa, lakini kipimajoto kilisimama kwenye 93, kikagoma kupanda. Kijana alingoja. Akaongeza moto. Akakitoa kipimajoto, akakipangusa, akakirudisha. Mwisho aliandika 100 daftarini, na chini yake akaongeza kwa unyofu kwamba kipimajoto cha shule ni kibovu.

Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Kitabu kilikuwa kimemwambia kwamba maji huchemka kwenye 100, na kwao pwani ndivyo yafanyavyo. Hakuwa mjinga, alikuwa ametoka mahali ambapo kitabu husema kweli. Mpishi wetu, ambaye hakupata kusoma kemia hata siku moja, angaliweza kumsaidia, kwa kuwa alijua kwamba maharagwe yaivayo upesi Mombasa hukawia sana motoni huko juu. Sababu ni hewa. Pwani, hewa nzima iliyo juu yetu huyalalia maji kwa uzito wake wote. Huko milimani sehemu ya hewa hiyo imebaki chini yetu, na maji yasiyolemewa sana huchemka mapema, kabla hayajapata joto la kutosha kulainisha punje.

Basi swali la insha hii ndilo hilo, ijapokuwa litatupeleka mbali na jikoni. Tabia ya kitu imo ndani ya kitu chenyewe, au imo katika mahali kilipo? Nakuonya mapema kwamba si swali la maji tu. Miaka michache baadaye liliniangukia kwa habari ya mtu, nami nikalijibu vibaya.

Tuanze na barafu, ambayo sote twadhani twaijua. Ni baridi, huelea juu ya maji, huyeyuka ikifika joto la 0. Mtoto aliyeiona katika jokofu la duka na mzee aliyeiona kwenye vilele vya Mlima Kenya watakubaliana juu ya mambo hayo matatu. Hata hivyo, mwaka 1900 mwanakemia Gustav Tammann alionyesha kwamba maji yaliyoganda, yakibanwa kwa nguvu nyingi, hugeuka kuwa barafu za namna nyingine, zisizo hii yetu. Baada yake akaja Mmarekani Percy Bridgman wa Chuo Kikuu cha Harvard, mtu aliyependa kufanya kazi za mashine kwa mikono yake mwenyewe. Alibuni kizibo cha ajabu: kadiri shinikizo lilivyozidi ndani ya chombo, ndivyo kizibo kilivyozidi kukaza, hata chombo hakikuvuja tena. Kwa chombo hicho alifika mahali ambapo hakuna aliyepata kufika, mpaka mwishowe akaweza kubana vitu kwa nguvu ipatayo mara 100,000 ya uzito wa hewa ya pwani. Mahali penye kina kikubwa kuliko pote baharini, shinikizo ni mara 1,100 hivi tu.

Mwaka 1912 Bridgman alitangaza barafu mbili mpya, na mwaka 1937 akaongeza nyingine, iitwayo barafu ya saba. Tazama tabia zao. Maji yakibanwa mara 10,000 hivi huganda katika chumba cha kawaida, mchana kweupe, bila baridi yoyote, nayo barafu hiyo huzama ndani ya maji badala ya kuelea. Barafu ya saba, shinikizo likipita mara 25,000 hivi, hukaa yabisi hata katika joto la 100, yaani ni barafu ambayo ingekuunguza kidole. Zile sifa tatu tulizodhani ndizo barafu yenyewe zimekwisha kuanguka zote, na maji ni yale yale: chembe mbili za haidrojeni kwa moja ya oksijeni, hakuna kilichotiwa wala kilichotolewa. Leo aina za barafu zijulikanazo ni zipatazo 20.

Mfano wa pili wanishangaza zaidi. Hewa ya ukaa, ile tunayoitoa mapafuni na inayofoka katika chupa ya soda, huganda ikipoa hadi nyuzi 78 chini ya 0, ikawa barafu kavu. Mfaransa Thilorier aliieleza mwaka 1835. Huitwa kavu kwa kuwa haiachi maji. Ikipata joto hugeuka hewa papo hapo, pasipo kuwa majimaji kwanza. Wanafunzi wa zamani walifundishwa kwamba kaboni na silikoni ni ndugu wa ukoo mmoja, ila tabia zao ni mbalimbali: silikoni ikishikana na oksijeni hufanya mchanga na jiwe, kaboni ikishikana na oksijeni hufanya hewa. Sababu ni kwamba katika hewa hiyo kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili tu za oksijeni, kisha huenda zake peke yake, lakini katika mchanga kila silikoni hushikana na oksijeni nne, na kila oksijeni huunganisha jirani na jirani, mpaka chembe zote zimekuwa mtandao mmoja.

Mwaka 1999, katika maabara ya Livermore huko California, wataalamu waliibana hewa ya ukaa katikati ya ncha za almasi mbili, kama chuma kati ya nyundo na fuawe, kwa nguvu ipatayo mara 400,000, wakaipasha moto kwa miale ya leza. Kaboni ikafanya kama nduguye. Kila chembe yake ilishika oksijeni nne, na pumzi ya mtu ikawa yabisi iliyofungamana kama jiwe angavu liitwalo kwazi. Walipolegeza shinikizo, lilidumu kwa muda jinsi lilivyokuwa, lakini lilipokaribia kwisha kabisa, jiwe lilirudi kuwa lile lililokuwa mwanzo.

Sasa tuviweke viwili hivyo pamoja. Hewa ya ukaa ikiyeyuka katika maji hutokea asidi ya kaboni, ile iipayo soda ukali wake. Lakini ni kidogo mno: sehemu kubwa ya hewa hukaa ndani ya maji bila kuungana nayo, na asidi yenyewe huvunjika karibu upesi ule ule iliotengenezwa. Kwa hiyo waalimu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, tuliandika ubaoni kwamba asidi ya kaboni si kitu cha kudumu, haiwezi kuwekwa katika chupa, ipo kwenye karatasi kuliko ilivyopo duniani. Kumbe mwaka 2000 wanakemia walikuwa wamekwisha kupiga hesabu na kuona kwamba molekuli moja ya asidi hiyo, ikiwa pweke katika ukavu kabisa, yaweza kuishi miaka kwa maelfu mengi; mvunjaji wake ni maji, yale yale yaliyoizaa. Na mwaka 2016 wataalamu walibana maji na hewa ya ukaa pamoja, wakaona kwamba shinikizo likipita mara 24,000 hivi, viwili hivyo vikipashwa moto huungana, na asidi ya kaboni ikawa yabisi yenye kudumu, isiyo na haraka ya kwenda popote. Mwaka huo huo Gabriele Saleh na Artem Oganov walitangaza hesabu zao zionyeshazo kwamba katika shinikizo la mara milioni tatu na zaidi, maji na asidi hiyo huweza kuungana tena kufanya asidi kubwa zaidi, na kwamba huenda vitu vya namna hiyo vimo katika matumbo ya sayari za Urani na Neptuni.

Sentensi yangu ya ubaoni haikuwa ya uongo. Ilipungukiwa na neno moja, nalo ni "hapa".

Nisimame kidogo kwenye neno hilo, maana ni rahisi kulikosea. Tukisikia habari za barafu ya saba twasema, "Lo! Shinikizo limeibadili barafu," kana kwamba barafu ya jokofuni ndiyo barafu halisi iliyo huru, na ile nyingine ndiyo iliyolazimishwa. Lakini barafu ya jokofuni nayo inabanwa. Mimi niandikaye na wewe usomaye tumelala chini ya bahari ya hewa, na kila sehemu ya mwili wetu inayolingana na ukucha wa kidole gumba hubeba uzito upatao kilo moja. Hatuusikii kwa kuwa hatujapata kuukosa. Shinikizo letu si sifuri, ni moja. Tumelizoea, basi tukaliita kawaida, na tabia ya vitu chini yake tukaiita tabia yao ya kweli. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba wameikuta barafu ya saba imefungiwa ndani ya almasi zilizochimbwa kusini mwa Afrika na Uchina, masalio ya maji yaliyokuwa ndani sana mwa dunia. Barafu hiyo ilikuwapo chini ya miguu yetu muda wote ambao tulikuwa tukisema kwamba barafu huelea.

Sasa nikueleze lile lililoniangukia.

Katika shule nyingine, ambayo sitaitaja, palikuwa na kijana wa kidato cha tatu aliyeshika fedha za chama cha sayansi. Alikuwa mtulivu, mwenye hesabu safi, na sote tulimwita mwaminifu. Wenzake walichanga shilingi 4,600 kwa safari, naye alipodaiwa hakuwa nazo. Hakukana. Alisema dada yake mdogo alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akampelekea fedha hizo akitumaini kuzirudisha kabla hazijatakiwa. Tuliketi waalimu watano kumhukumu. Mmoja akasema, "Sasa tumemjua. Dhiki imemfunua, ule uaminifu ulikuwa pazia tu." Wa pili akasema, "Hasha! Alikuwa mwaminifu kweli, umaskini ndio uliomharibu." Wakabishana hata chai ikapoa. Nilipoulizwa, niliunga mkono wa kwanza, kwa sababu ulisikika kuwa na hekima zaidi, na kwa sababu, nakiri, nilikuwa na miadi mjini saa kumi. Kijana alisimamishwa masomo. Baba yake alilipa fedha zote, akamhamisha.

Nimeyarudia maneno ya waalimu wale wawili mara nyingi, na sasa naona kwamba walikuwa na kosa moja. Kila mmoja alidhani yuko kijana halisi asiyebanwa na chochote, kisha wakagombania kama kijana huyo ni yule wa kabla ya dhiki au yule wa wakati wa dhiki. Huyo hayupo. Kabla ya barua ya dada yake kijana alikuwa chini ya shinikizo la namna fulani, baada yake chini ya shinikizo la namna nyingine, na sisi watano tuliokuwa tukimhukumu, wenye mishahara ya kila mwezi na chai ya maziwa, tulikuwa chini ya letu. Uaminifu wetu ulikuwa umepimwa wapi? Katika hewa moja, kwenye joto la chumba. Sijui wangu ungekuwaje katika mara 10,000, na sikuwa na haki ya kusema kana kwamba najua.

Hapa najua utanikatiza, nawe utakuwa na sababu. Utasema: "Mwalimu, maji hayana hiari. Maji yakibanwa kiasi hicho huganda yote, kila mara, kila mahali. Lakini shule nzima ilijaa wavulana waliokuwa na dada na karo, wala hawakugusa fedha za watu." Ni kweli, wala sitaki kuipunguza kweli hiyo. Kijana angaliweza kuja kwangu kuniambia. Angaliweza kuwaomba wenzake. Barafu haiwezi kuja kwa mwalimu. Mfano wa vitu huwafikia watu hadi mlangoni, na aliye mwangalifu huuacha hapo. Nisemalo ni dogo zaidi: kwamba hukumu ya kosa ni jambo moja, na hukumu ya mtu ni jingine. Tungaliweza kusema, "Umefanya hili, si haki, utalilipa." Hilo lilipimika. Badala yake tulisema yeye ni nani, hata kwa mahali tusipopata kumwona.

Bridgman mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1927 kuhusu jambo lililo karibu sana na hili. Hoja yake kubwa ni kwamba maana ya neno la sayansi imo katika kazi tunazozifanya ili kulipima. Ukisema "urefu", sharti uweze kueleza uliutwaa vipi, kwa fimbo au kwa mwanga; ukiondoa upimaji, neno hubaki sauti. Mtu aliyeona barafu saba mahali ambapo wengine waliona moja alikuwa na sababu ya kuogopa majina yanayotembea bila vipimo vyao.

Lakini tazama jinsi mtu yule yule alivyobanwa na nyakati zake. Mapema mwaka 1939, Ujerumani ikiwa mikononi mwa Hitler, alitangaza katika jarida la Science kwamba hatawaonyesha tena vyombo vyake raia wa dola zinazotawala watu kwa mabavu, wala hatazungumza nao juu ya majaribio yake. Sababu yake haikuwa chuki ya taifa. Alisema kwamba raia wa dola ya namna hiyo si mtu huru tena. Aweza kulazimishwa kuyatumia ajuayo kwa makusudi ya dola yake, hata kama yeye binafsi hakutaka. Kwa maneno mengine, aliona kwamba shinikizo likifika kiasi fulani, haifai kuuliza mtu huyu ni mwema au si mwema, kwa kuwa wema wake hautaamua kitu.

Nimelisoma jambo hili na madarasa matatu, na kila darasa limegawanyika. Wako wasemao alifanya vyema, maana vita ilikuja mwaka huo huo, na maarifa ya shinikizo si mchezo wa watoto. Wako wasemao elimu ni ya wanadamu wote na mlango wake haufungwi. Mimi si wa upande wa pili moja kwa moja. Mtu ana haki ya kuogopa kazi ya mikono yake itatumika vipi. Ninalomlaumu ni jingine. Yeye aliyetufundisha kwamba jina bila kipimo ni sauti, alikubali pasi ya kusafiria iwe kipimo. Raia anayepeleleza na raia anayetafuta njia ya kukimbia hubeba pasi ya rangi moja. Katika dola moja shinikizo haliwi sawa kwa wote, wala wote hawagandi katika namna moja. Na mwenye chombo cha kupimia yafaa awe wa mwisho kuhukumu kwa kukisia. Hata hivyo nasema haya nikiwa nimeketi katika usalama, miaka mingi baada ya vita ile, na nikikumbuka miadi yangu ya saa kumi.

Limebaki jambo moja ambalo lanisumbua, nalo linatoka katika almasi. Lile jiwe la hewa ya ukaa lilirudi kuwa hewa shinikizo lilipoondoka. Almasi haikurudi. Almasi ni kaboni iliyobanwa ndani sana mwa dunia, na hapa juu, kwa haki ya kemia, ingepasa kuwa makaa laini kama yale ya kalamu ya risasi, lakini imekaa jinsi ilivyo mamilioni ya miaka baada ya kutoka chini. Basi kusema kwamba kila kitu hurudi kilivyokuwa taabu ikiisha ni uongo wa upole. Viko virudivyo, viko visivyorudi, na kwa kutazama tu wakati kimebanwa huwezi kujua ni kipi.

Miaka miwili baada ya kikao kile nilipata barua kutoka kwa kijana. Alikuwa akiomba nafasi katika chuo cha ufundi, nao walitaka mwalimu wa zamani aeleze tabia yake. Kwa nini alinichagua mimi sijui. Huenda hakuwa na mwingine. Niliandika kwamba nilimjua mwaka mmoja na miezi mitano, katika shule ya bweni, akiwa mtoto wa kwanza wa nyumba isiyo na mshahara. Kwamba alishika hesabu za chama kwa mihula mitatu bila kasoro. Kwamba katika muhula wa nne alitumia shilingi 4,600 zisizo zake kwa karo ya dada yake, akaungama alipoulizwa mara ya kwanza, na fedha zikarudishwa zote. Kwamba sikupata kumwona katika hali nyingine, wala siwezi kuzisemea.

Mkuu wa idara yangu aliisoma akatikisa kichwa. Akasema hii si barua ya tabia, ni taarifa ya maabara. Chuo kinataka neno moja tu, mwaminifu au si mwaminifu, na nikiandika hivi nitamharibia. Huenda alikuwa na haki. Nilikaa na kalamu mkononi hata kengele ya masomo ya jioni ikalia. Kisha nikaikunja barua kama ilivyokuwa, nikaitia katika bahasha, nikaandika anwani.